Ukiita python3, nani anaitika?

Tuanze na kisa ambacho najua kimewakuta wengi humu. Umesakinisha toleo jipya la Python, lugha ya kuandikia programu, umeandika python3 --version, na linalojibu ni lile la zamani. Unasakinisha tena. Jibu ni lile lile. Jamani, acheni kusakinisha! Toleo jipya lipo. Mmeita jina, akaitika mwingine.

Sheli, yaani programu inayopokea amri mnazoandika, ina orodha ya folda iitwayo PATH. Kwenye Linux na macOS folda hizo hutenganishwa kwa nukta pacha, kwenye Windows kwa nukta mkato. Sheli hupekua kuanzia kushoto, na ikilikuta jina husimama hapo hapo. Haiulizi lipi jipya wala lipi bora.

Kujua nani anaitika, wengi hukimbilia amri ya which. Mimi siiamini kwenye bash, sheli ya kawaida kwenye Linux nyingi, kwa sababu huko ni programu ya nje: kwa kawaida hupekua PATH tu, na haioni lakabu, yaani majina ya badala ya amri, mlizoziweka ndani ya sheli, ambazo hutangulia PATH. Iulizeni sheli yenyewe: type -a python3. Itawataja wenye jina hilo wote kwa zamu zao. Jaribuni pia type -a echo, muone kwamba wa kwanza amo ndani ya bash yenyewe.

Sasa mtego ulionipotezea jioni nzima. Bash hukumbuka mahali ilipoikuta programu mara ya mwisho. Ukisakinisha nyingine kwenye folda iliyotangulia, type -a itakuonyesha mpya juu ya orodha, huku bash ikiendelea kuendesha ile ya zamani! Nilidhani nimerogwa. Dawa ni hash -r, kumbukumbu inafutika.

Naona mkono. Tuifute ya zamani? Hapana! Kwenye Linux nyingi, zana za mfumo huitegemea /usr/bin/python3. Wekeni folda yenu mbele, ndani ya ~/.bashrc, faili ambalo bash hulisoma inapoanza:

export PATH="$HOME/bin:$PATH"

Nukta moja, yaani folda uliyomo, msiiweke humo kamwe: mtu akiacha programu yenye jina ls, kama amri ya kuorodhesha faili, kwenye folda, unaweza kuiendesha bila kujua.

Wa Windows, kutafuta anayeitika tumieni where. Ila kwenye PowerShell, sheli nyingine ya Windows, andikeni where.exe, maana where pekee huko ni lakabu ya amri nyingine kabisa.