Haya Si ya Kuyamaliza Nyumbani

(Mhadhara uliotolewa mjini Kasulu, mkoani Kigoma, mbele ya watendaji wa kata, wazee wa mabaraza, viongozi wa dini na vikundi vya akina mama.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, mwakeye.

Nimeombwa nizungumzie haki za wanawake katika jamii iliyotoka vitani. Najua kuna anayejiuliza: vita gani, hapa Kasulu? Lakini mkoa huu umepokea watu wa vita tangu 1972, Warundi walipovuka wakikimbia mauaji. Wakaja tena 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa. Wakongo wa Kivu Kusini wakafika kambi ya Nyarugusu kuanzia 1996, na 2015 Bujumbura ilipochafuka, kambi ya Nduta ikafunguliwa upya. Wangapi humu tuna jirani, shemeji au mkwe aliyepita mpaka wa Manyovu na kifurushi kichwani? Basi jamii ninayoisema imo ndani ya kata zenu.

Watu waliotoka vitani huichoka kesi. Wamezika mno, wamekimbia mno, hawataki tena kusikia watu wawili wakigombana. Binti akibakwa, wazee wanakaa, wanasema damu tuliyoiona inatosha, tuyamalize. Anatolewa mbuzi, pombe inanyweka, mikono inashikwa. Kesho yake mkosaji na yule binti wanapanga ndoo kwenye bomba moja. Kijiji kina amani. Aliyeigharimia ni mtoto wa miaka 15, na hakuna aliyemuuliza kama anayo ya kutoa.

Jambo hili halifanywi na wanakijiji peke yao. Mazungumzo ya amani ya Burundi yalianza Arusha mwaka 1998, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi, na alipofariki 1999 Nelson Mandela akayapokea. Wanawake wa Burundi walikaa muda mrefu wakigonga mlango kabla ya kukubaliwa, tena kama watazamaji. Julai 2000 wakafanya mkutano wao na kupeleka madai: waliobaka vitani wasisamehewe, mtoto wa kike asome, mwanamke arithi ardhi, na asilimia 30 ya nafasi za uongozi ziwe zao. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na mengi waliyoyasema yaliingia. Asilimia 30 haikuingia; waliipata katika katiba ya 2005. Ardhi ndiyo iliyokwama. Bunge likajaa akina mama, na mjane anayerudi kutoka Nyarugusu akaendelea kumpigia magoti shemeji yake apewe mahali pa kupanda maharage. Rwanda walitunga sheria ya urithi inayomhesabu binti sawa na kaka yake mwaka 1999, miaka mitano tu baada ya mauaji ya kimbari. Nawasifu kwa hilo.

Arusha hiyohiyo ilikuwa na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba, ilipoanza, hati ya mashtaka haikuwa na ubakaji. Haukuwamo kabisa! Akasimama shahidi mmoja, mama, akieleza jinsi watu walivyowindwa, na katikati ya maelezo akataja kwamba bintiye wa miaka 6 alibakwa na wanaume watatu. Angeweza kupitwa, maana hakuitwa kwa hilo. Lakini katika majaji watatu alikuwamo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay, na maswali yakaulizwa. Wakaja mashahidi wengine, hati ikarekebishwa mwaka 1997, na tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akatiwa hatiani. Ndipo kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Sheria ya dunia nzima ilisogea kwa sababu mama mmoja hakunyamaza na waliomsikiliza hawakumwambia hayo tuyaache.

Sasa turudi kwetu, na hapa mnivumilie. Mwezi Mei 1999, katika wilaya hii ya Kasulu, kundi kubwa la wanaume Watanzania liliwavamia wanawake wakimbizi wa Kirundi waliokuwa porini, likawabaka makumi yao. Ilisemwa ni kisasi cha kifo cha mwalimu mmoja. Washtakiwa walifikishwa mahakamani, na kesi ikafutwa kwa sababu mwendesha mashtaka alichelewa kufika. Nasema haya kwa kuwa tumezoea kuuita ukatili huu tabia waliyokuja nayo wakimbizi. Hapana. Waliokimbia wanaume wenye bunduki kule walikutana na wanaume wenye marungu huku.

Kambini nako kuna mitego ambayo mgeni haioni. Kadi ya chakula ya familia ikikaa mkononi mwa mume, mke anayepigwa anapiga hesabu: nikimshtaki, watoto watakula nini mgao ujao? Kuni za msaada hazitoshi, na mwanamke ndiye anayeingia porini kuzitafuta. Ndani kuna Bashingantahe, wazee wa usuluhishi wa Kirundi, watu wa heshima kubwa. Nimewaheshimu maisha yangu yote, ila katika ubakaji wamewahi kufanya kilekile kinachofanywa na wazee wetu wa Kiha. (Minong'ono ukumbini.) Ndiyo, mzee wangu, nimekuona unatikisa kichwa, nitafika kwako.

Kwa sheria zetu, ubakaji si deni kati ya familia mbili. Jalada likifunguliwa huandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Mwenye kesi ni Jamhuri. Baba wa binti hawezi kuisamehe, kama asivyoweza kusamehe kodi ya serikali. (Vicheko.) Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, adhabu yake kwa kawaida ni kifungo kisichopungua miaka 30. Na wale wanaosema hakuna shahidi aliyeona: Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Mahakama ya Rufani mwaka 2006 ilisema ushahidi ulio bora wa ubakaji ni wa yule aliyebakwa.

Muda ndio unaotuua. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na ikianza mapema ndivyo inavyosaidia zaidi. Kikao cha ukoo kinachukua siku ngapi? Siku ya kwanza wanamsubiri mjomba atoke Kibondo, ya pili wanabishania mbuzi. Binti akifika zahanati, ameshaoga mara nne, nguo zimefuliwa, saa zimekwisha. Mama, mpeleke kwanza kwenye matibabu, na nguo usizifue. Fomu ya polisi namba 3 ichukuliwe, dawati la jinsia na watoto polisi wapewe maelezo, lakini mtu asikae foleni ya karatasi huku dawa inachelewa.

Nimebakiza dakika chache, na mzee ana swali. Karibu, mzee wangu.

(Mzee mmoja: "Mwanangu, umetunyang'anya kila kitu. Sasa sisi wazee tubaki na kazi gani?")

Shikamoo, baba. Kazi mnayo, tena ni kubwa. Hapa Heru, himaya ya zamani ya Waha, palitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, na babu zetu walimtii, kwa hiyo msiniambie mila ya Kiha haimjui mwanamke mwenye neno. Ardhi ndiyo mahali penu. Kanuni za urithi za kimila za 1963 bado zinamweka mjane nyuma ya watoto, na binti nyuma ya kaka zake. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Huko usuluhishi ni kazi mliyopewa na sheria yenyewe. Ninyi ndio mnaojua mpaka ulipita kwenye mwembe gani na nani alilima pale kabla ya 1990. Mume akifariki na shemeji akaanza kung'oa mihogo ya mjane, msisubiri mjane aje kulia kwenu. Nendeni shambani, mtaje mpaka mbele ya watu, mtendaji auandike. Na binti akibakwa, baba, kaeni kikao kimoja tu: cha kuamua nani ana pikipiki ya kumwahisha hospitali.