Kitufe cha Kusimamisha

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumze juu ya filamu na mateso ya watu walio mbali nasi. Nitashika filamu moja tu, maana ndiyo iliyonibadilisha.

Ni *For Sama*, ya mwaka 2019. Waad al-Kateab, mwanamke wa Syria, aliipiga kwa kamera yake mwenyewe mjini Aleppo, kuanzia maandamano ya wanafunzi wa chuo kikuu dhidi ya serikali hadi upande wa mashariki wa mji ulipozingirwa na majeshi ya serikali, na wakazi wake wakaondolewa, Desemba 2016. Mumewe, Hamza, alikuwa daktari na mkuu wa hospitali. Sama ni binti yao, aliyezaliwa vita vikiwa vimepamba moto. Waad aliiongoza filamu hiyo pamoja na Edward Watts.

Huenda mmesikia habari za yule mama mjamzito. Analetwa hospitalini amejeruhiwa, ana mimba ya miezi tisa, anapasuliwa papo hapo. Mtoto anatoka hapumui. Daktari anamsugua kifua, anampigapiga mgongoni, anamsugua tena, na kamera haibanduki. Mimi nilikuwa nimeshamlilia moyoni kama maiti. Ghafla akafumbua macho, akalia. Mama yake naye akapona.

Lakini lililonikaa zaidi ni dogo kuliko hilo. Mji umezingirwa, chakula kimeadimika, na mwanamume mmoja anamletea mkewe tunda. Tunda moja. Mke uso unamchanua kwa furaha. Hapo ndipo machozi yalipokuja. Damu ilikuwa imenitisha, na katika kutishika nilikuwa nimeanza kuwaona wale kama watu wa dunia nyingine, walioumbiwa shida. Furaha ya yule mama ilinikatalia. Ni mke aliyeletewa zawadi na mumewe, basi. Kinachonitenga naye ni mahali tu, na mahali nilipo mimi sikupatolea jasho.

Tukitaja watu wenye neema, wengi huwaza fedha. Mimi, usiku ule nilipoitazama filamu hii, neema yangu niliiona katika kitufe cha kuisimamisha. Nilikibonyeza, nikavuta pumzi, nikaendelea nilipojisikia tayari. Ndani ya picha hakuna aliyekuwa na kitufe hicho.

Au tuseme, wawili walikuwa nacho, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mwaka 2016 Waad na Hamza walivuka kwenda Uturuki kumwona baba yake Hamza, aliyekuwa mgonjwa. Walikuwa wameshatoka. Wangeweza kubaki. Wakarudi Aleppo, pamoja na mtoto, njia zikiwa zinafungwa, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiwangoja. Mtu wa namna hiyo utamhurumiaje kutoka kwenye kiti chako? Unaweza kubishana naye, unaweza kumstahi, unaweza kumuuliza ilikuwaje akamrudisha mtoto mle. Waad mwenyewe anajiuliza, na filamu nzima ni maelezo yake kwa binti yake. Huruma peke yake haimtoshi.

Tena huruma haidumu. Septemba 2015 dunia iliiona picha ya Alan Kurdi, mtoto wa Syria aliyelala ufukweni Uturuki akiwa amekufa maji. Watafiti walifuatilia michango iliyotolewa kwa wakimbizi wa Syria kupitia Msalaba Mwekundu wa Sweden. Ilipanda ghafla kupita kiasi, na baada ya wiki chache ikarudi chini. Siwalaumu waliochangia, walifanya jambo jema. Ila vita havikuisha pamoja na machozi yao.

Sasa, filamu hii inadai nini hasa? Inadai kitu mahususi: hospitali zisipigwe mabomu. Tarehe 27 Aprili 2016 hospitali ya Al-Quds, ambayo Hamza alikuwa mkuu wake, ilishambuliwa kutoka angani na watu zaidi ya 50 wakauawa, akiwemo daktari wa watoto. Tarehe 3 Mei, siku sita tu baadaye, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa kauli moja azimio namba 2286 la kulinda hospitali na wahudumu wa afya vitani. Nchi zote tano zenye kura ya turufu ziliunga mkono, hata Urusi, iliyokuwa ikipigana upande wa serikali ya Syria. Mwaka huohuo, kabla haujaisha, hospitali za mashariki mwa Aleppo zilipigwa tena na tena. Hamza alilazimika kuhamishia kazi yake katika jengo ambalo halikuwa kwenye ramani, ili marubani wasilijue.

Hili limenikasirisha kuliko lilivyonihuzunisha, na nadhani hasira hii ina kazi ya kufanya. Waad na Hamza wameanzisha kampeni, Action for Sama, ya kupinga mashambulizi hayo. Azimio lile bado lipo, na Mikataba ya Geneva ya 1949, inayolinda hospitali vitani, ipo. Kila serikali ina balozi wake Umoja wa Mataifa, na balozi huyo anaweza kuulizwa kwa barua, na wabunge wanaweza kuulizwa: hospitali ilipopigwa, nchi yetu ilisema nini, na ilipiga kura gani? Mimi nimeanza kuandika barua hizo. Nakala ninazo hapa, kwa yeyote atakayetaka kuziona tukimaliza maswali.