Liwali alikuwa mtu wa nani?

Mabibi na mabwana, tuanze na herufi mbili za mwanzo, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. "Li" ya liwali si kiambishi cha ngeli. Ingekuwa hivyo, wingi wake ungekuwa "mawali", nasi husema maliwali. Asili yake ni Kiarabu, al-wali, yaani aliyepewa mamlaka ya mahali kwa niaba ya mkubwa wake. Ile "al" ilimezwa pamoja na neno: a ikadondoka, i ikaingia kati ya l na w. Shina hilohilo limetupa wilaya na walii. Wali wa nazi haumo katika ukoo huu; huo ni Kibantu, ndugu wa ubwali, yaani ugali, wa Wabemba wa Zambia.

Kwa niaba: shikeni maneno hayo. Wamazrui, ukoo wa Kiarabu, walitawala Mombasa kama maliwali wa Oman. Utawala wa Oman ulipohamia kwa ukoo wa Mabusaidi miaka ya 1740, wakakataa kumtii bwana mpya, na mji ukawa wao hadi Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar wa ukoo huo wa Mabusaidi, alipoutwaa mwaka 1837. Tangu hapo liwali alikuwa jicho la Sultani: kusikiliza mashauri, kutunza amani, huku askari wa Kibulushi wakilinda ngome. Forodha haikuwa yake. Ushuru ulikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Kwa hiyo anayemfasiri "gavana" anamvika kanzu pana mno.

Upande wa Tanganyika, Wajerumani waliliacha jina wakabadili kazi. Liwali akawekwa katika miji ya pwani akila mshahara wao na kuamua kesi za wenyeji. Chini yake akida, mwenye vijiji kadhaa, kisha jumbe, mwenye kijiji kimoja. Upande wa Kenya, mkataba wa 1895 uliuacha ukanda wa pwani wa maili 10 kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiuendesha. Huko aliyemfuata liwali aliitwa mudiri.

Basi ukikuta "liwali" katika hati ya zamani, usikimbilie kufasiri. Tazama kwanza mwaka na mji. Mombasa 1880, bwana wake ni Sultani. Bagamoyo 1900, ni Mjerumani. Mombasa 1930, bendera ni ya Sultani, amri ni ya Mwingereza.

Oktoba 8, 1963, Sultani alikubali kuuachia Kenya ukanda huo. Mahakama za Kadhi zikahakikishiwa kubaki, na leo zimo katika ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya. Liwali hamo.