Homoni za Ukomo wa Hedhi: Tazameni Kipimo

Mama zangu, hapa nitakaa kidogo, maana kila nikizungumzia homoni za ukomo wa hedhi kuna anayeniletea kopo la krimu ya viazi vikuu. "Daktari, hii ni ya asili."

Ni kweli, kiazi kikuu cha porini kina diosijenini, kemikali inayoweza kugeuzwa kuwa homoni. Miaka ya 1940 mkemia Mmarekani, Russell Marker, alivitumia viazi vya Meksiko kupata projesteroni, mojawapo ya homoni za ovari. Lakini aliipata maabara, kwa kemikali, hatua kwa hatua. Mwili wako hauwezi kazi hiyo! Jipake krimu ya kiazi mwaka mzima, projesteroni haitaongezeka hata chembe. Projesteroni halisi, sawasawa na ile ya ovari zako, iko kwenye vidonge vya kiwandani vyenye kipimo kilichoandikwa. Estradioli, ambayo ni estrojeni, homoni nyingine ya ovari, nayo ipo: ya kubandika, ya jeli, ya kumeza. Hizo ndizo homoni zinazofanana na za mwili.

Kwa nini nalikazania? Mwenye mfuko wa uzazi akitumia estrojeni bila projesteroni ya kutosha, ukuta wa ndani wa mfuko hunenepa, na saratani yaweza kuanzia hapo. Sasa mama anatumia estrojeni, kisha anajipaka krimu ya kiazi akiamini imemkinga. Haijamkinga na chochote. Ukiona damu, hata tone, baada ya mwaka mzima bila hedhi, nenda hospitali wiki hiyohiyo.

Mtaniambia homoni zinaleta saratani ya titi. Utafiti wa Marekani uliositishwa 2002 ulitumia estrojeni za mkojo wa farasi wenye mimba pamoja na projestini, yaani dawa ya kutengenezwa inayoiga projesteroni, kwa wanawake wenye wastani wa miaka 63. Ongezeko lilikuwa wagonjwa 8 hivi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Silipuuzi, aliyewahi kuugua saratani ya titi kwa kawaida hapewi. Lakini mama wa miaka 50 anayeamka usiku shuka limelowa jasho, kwa nini ajinyime usingizi kwa hofu hiyo? Aonane na daktari, apimwe, waamue pamoja.

Muda umeniishia. Vipimo vya homoni kwa mate, msivilipie: viwango hupanda na kushuka, daktari huongozwa na dalili. Aliyewahi kuganda damu mguuni aseme mapema, maana estrojeni ya kumeza huongeza hatari hiyo kuliko ya kubandika. Na dada uliyeuliza kuhusu ukavu ukeni, ipo estrojeni ya kupaka humohumo, kipimo kidogo sana. Usione haya kuiomba.