Kanisa Umeliacha Wapi? Piano, Okestra na Maikrofoni

Mbukwenyi! Asanteni kwa kuja, maana upepo wa Dodoma leo umetuletea vumbi hadi mezani.

Nimeombwa nizungumzie kurekodi konseto za piano, zile za akina Chopin, Grieg na Tchaikovsky, ambazo mpiga piano mmoja anakabiliana na okestra nzima. Naanza na kosa langu. Zamani nilirekodi kwaya moja kanisani hapa mjini nikawasogezea waimbaji maikrofoni hadi puani. Tulipokaa kusikiliza, kila sauti ilikuwa safi, hata mate yakimezwa unasikia. Kwaya sasa, haipo. Mzee mmoja wa besi akaniuliza, "Mwanangu, kanisa umeliacha wapi?"

Sijalisahau swali lile.

Mpiga piano Wilhelm Backhaus aliporekodi konseto ya Grieg mwaka 1909, maikrofoni hazikuwa zikitumika. Wanamuziki walibanana mbele ya pembe kubwa iliyopeleka sauti kwenye sindano, sindano ikachora nta. Kazi ya nusu saa ikakatwa, zikabaki dakika kama sita. Maikrofoni ziliingia studio mwaka 1925, na mwaka 1929 mtunzi Rachmaninoff akarekodi konseto yake ya pili na okestra ya Philadelphia, Leopold Stokowski akiongoza. Hata hapo, kila baada ya dakika nne hivi walisimama. Upande wa santuri umejaa.

Konseto hiyo ni ya mwanzoni mwa karne ya 20, ila damu yake ni ya karne ya 19. Piano inaanza peke yake: mapigo manane mazito, kama kengele inayosogea. Unajua sasa itaimba. Wapi! Fidla, viola na klarineti ndizo zinazochukua wimbo, piano inabaki kusindikiza, vidole vikipanda na kushuka bila kupumzika. Ukumbini hapo piano humezwa. Jasho la mpigaji unaliona, noti zake huzipati zote. Fundi aliyekaa kwenye mitambo mkono unamwasha, aipandishe piano kidogo tu. Akiipandisha, noti zote tunazo, wimbo hatuna. Mimi nasema mtunzi, naye alikuwa mpiga piano hodari, alijua anachokifanya. Aliyewahi kumsikiliza mpiga ilimba, kile kinanda cha Wagogo cha vidole gumba, kule Chamwino ananielewa: waimbaji wakishaingia, hashindani nao, anawatandikia mkeka.

Kwa hiyo mimi naanzia juu. Maikrofoni tatu juu ya kichwa cha kondakta, yule anayeongoza okestra, kimo cha mita 3 hivi, zipokee okestra, piano na ukumbi kwa pamoja. Piano naiwekea maikrofoni yake pia, lakini naitia kama chumvi.

Mtaniuliza habari za piano yenyewe. Kiangazi chetu hukausha ule ubao ulio chini ya nyuzi, na nyuzi zaidi ya 200 zikishuka sauti, kipande kilichorekodiwa Jumatatu hakiungiki na cha Jumatano. Mtu wa kuityuni asiende mbali. Akae hapohapo, anyweshwe chai.

Haya, maneno yametosha. Aliye karibu na swichi atuzimie hizo feni, tuyasikilize mapigo manane na kinachofuata. Joto tutalivumilia dakika mbili.