Kwa Nini Mahameli Hutembea Chini ya Sindano

Mazungumzo na mafundi wa cherehani, Kisumu

Mafundi wenzangu, hamjambo. Asanteni kwa kufunga vibanda mapema. Najua kufunga mchana ni kupoteza mteja, kwa hiyo sitawazungusha.

Nitaanza na magauni manne. Nilikuwa na miaka mitatu tu katika kazi hii, nikapewa nguo za wasimamizi wa bi harusi, mahameli ya rangi ya damu ya mzee, ndefu hadi kwenye vifundo vya miguu. Nikakata, nikabana pini karibu karibu, nikaketi kwenye cherehani. Mshono wa ubavuni nilianza kwapani ncha zikiwa sawa kabisa. Nilipofika kwenye pindo, kitambaa cha juu kilikuwa kimebaki kirefu kuliko cha chini kwa sm 2. Nikafumua. Nikabana pini upya, nikashona, ikatoka sm 2 zile zile. Nikafumua tena. Safari hiyo pale palipopita uzi pakawa na mstari, manyoya yamelala, na hakuna mvuke ulioyainua. Kitambaa cha gauni lile nilinunua upya kwa pesa yangu, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliamini mkono wangu ni mbovu. Hakuna aliyeniambia kwamba kinachotokea kina sababu, na kwamba sababu hiyo huwezi kuishinda kwa kubana pini nyingi zaidi.

Chukueni vile vipande viwili nilivyowagawia. Pitisha kiganja upande mmoja, halafu upande wa pili. Upande mmoja unateleza, upande wa pili unakukataa. Hayo ni manyoya ya kitambaa, na mimi napenda kuyaita malaika, kama yale malaika yanayoota mkononi mwa mtu. Mahameli nyingi hufumwa vitambaa viwili kwa pamoja, vikitazamana, nyuzi zikivuka kutoka kimoja hadi kingine. Kisu kinapita katikati na kuzikata. Kila kitambaa kinaondoka na nusu ya nyuzi zile, zimesimama wima kama nyasi zilizofyekwa, lakini zimeinama kidogo upande mmoja.

Sasa viwekeni uso kwa uso, jinsi tunavyoshona, kisha sukumeni cha juu kwa kidole. Mmeona? Kinatembea, na hakirudi kwa urahisi. Malaika ya huku yanaingia katikati ya malaika ya kule, yanashikana kama meno ya vitana viwili, na kila yakitikiswa yanasogea hatua moja kuelekea yalikoinama. Kwa hiyo hata kabla ya cherehani, vitambaa hivi viwili vina safari yao.

Halafu tunavipeleka kwenye mashine ambayo nayo inavuta upande mmoja tu. Yale meno yaliyo chini ya sindano yanapanda, yanasogea nyuma, yanashuka, yanarudi mbele. Mmarekani mmoja, Allen Wilson, alipata hataza ya mwendo huo mwaka 1854, na cherehani zetu hadi leo zinatembea hivyo hivyo. Meno yanagusa kitambaa cha chini pekee. Cha juu kinakandamizwa na futi, chuma tuli, kinachokizuia kisiende kila meno yanapovuta. Katika pamba ya kawaida vitambaa vinashikana vya kutosha, cha juu kinaburutwa na cha chini, tofauti huioni. Kwenye mahameli kila hatua ya sindano inaacha tofauti ya unene wa unywele mmoja. Mshono wa mita 1 una hatua zaidi ya 300. Zile sm 2 zangu zilitoka humo.

Wengi wetu tukifika mwisho na kuona ziada, tunachukua mkasi na kuikata. Naomba tuache. Ile ziada ni urefu ambao kitambaa cha chini kimekunjwa kidogo kidogo ndani ya mshono wote. Ukikata chini, pindo litaonekana sawa mezani, lakini gauni likivaliwa mshono unajipinda na kuelekea mbele ya goti, na mteja anadhani ana mwili mbaya. Mwili wake hauna kosa lolote.

Dawa ni bandi, yaani mishono ya mkono ya muda inayoshika vitambaa kabla ya cherehani. Najua mmesikia tangu siku ya kwanza ya mafunzo, na najua tuliiacha siku tuliyoanza kulipwa kwa kila nguo. Lakini kwa mahameli pini haiwezi kufanya kazi ya bandi. Pini inashika nukta moja, na kati ya nukta na nukta malaika yanatembea yanavyotaka, kisha yanalimbikiza ziada mbele ya kila pini. Pini pia ikikaa usiku kucha inaacha alama. Zitumieni kwa muda tu, nyembamba, na ziwe ndani ya ukingo wa mshono.

Bandi yenyewe napiga hivi. Sindano ya mkono nyembamba, uzi mwembamba, wa hariri ukipatikana, kwa sababu uzi mnene unalaza malaika. Natandaza vitambaa mezani, sivishiki mapajani, maana uzito unaoning'inia unavivuta. Naanza katikati ya mshono kwenda juu, kisha katikati kwenda chini, ili kama kuna tofauti isikusanyike mwisho mmoja. Mishono midogo ya nusu sm, na kila baada ya mitatu narudi nyuma mmoja. Huo wa kurudi nyuma ndio kufuli. Bila huo kitambaa kinateleza kwenye uzi wa bandi kama pazia kwenye fimbo yake. Mstari wa kwanza unapita milimita 2 nje ya pale cherehani itakapopita, upande wa ukingo. Kisha napiga wa pili, sambamba, karibu na ncha. Mistari miwili inazuia vitambaa kuzunguka, mmoja hauzuii.

Kuna anayeinua mkono pale dirishani. Ndiyo, mama, inachukua muda. Mshono wa mita 1 unanichukua kama dakika 10 kwa mistari yote miwili. Nitarudi kwenye muda, kwa sababu ni suala la pesa na si la sindano.

Kabla ya bandi kuna kukata, na hapo nitapita haraka. Patani zote, zile karatasi za kukatia, zielekee upande mmoja. Malaika yakielekea juu, rangi inakuwa nzito na yenye kina. Yakielekea chini, inang'aa na kuonekana nyepesi. Ukigeuza kipande kimoja ili kuokoa kitambaa, mteja atavaa nguo ya rangi mbili, na picha za harusi hazifichi. Kwa hiyo nunua kitambaa cha ziada tangu mwanzo. Usikunje kitambaa ukakata tabaka mbili, zitatembea hata chini ya mkasi. Kata tabaka moja, mgongo wa kitambaa ukiwa juu, chora kwa chaki hapo hapo mgongoni.

Haya, cherehani. Wengi hapa mnatumia Singer ya kukanyaga na mnaionea aibu mbele ya wenye za umeme. Kwa mahameli mimi naipenda. Unaweza kwenda mshono mmoja mmoja, na unaweza kusimama sindano ikiwa chini bila kubahatisha. Juu ya kichwa chake, pale fimbo ya futi inapochomoza, kuna skrubu. Ilegezeni kwa kuizungusha kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa. Futi ikikandamiza kidogo, inasukuma kidogo. Legezeni hadi kitambaa kinavutwa bado lakini futi haiachi alama. Hamtajua kiasi bila kujaribu kwenye vipande vya kitambaa kile kile, kwa hiyo vipande vya kukatia msivitupe.

Hatua ya sindano iwe ndefu, milimita 3 hivi. Sindano mpya, namba 11 au 12. Shona kufuata malaika yanakolala, na mishono yote mirefu ya nguo hiyo iende upande mmoja, kushoto na kulia. Mkono mmoja uwe mbele ya futi na mwingine nyuma, kitambaa kikiwa kimenyooshwa bila kuvutwa. Ukivuta unapinda sindano. Kila baada ya sm 10 simama, sindano iwe chini, inua futi, acha kitambaa kipumue, shusha, endelea. Mtashangaa mtakavyoona tabaka la juu likirudi nyuma kidogo lenyewe mnapoinua. Hilo ndilo lililokuwa likisukumwa.

Hapa Kisumu tuna jambo jingine, joto. Viganja vinatoa jasho, na kidole chenye unyevu kikibonyeza mahameli ya viskosi au hariri kinaacha alama isiyotoka. Mimi nina leso kavu pembeni ya cherehani wakati wote.

Wenye cherehani za umeme, kuna futi yenye meno yake yenyewe, inayovuta kitambaa cha juu sawa na cha chini. Ukiweza kuinunua, inunue. Lakini nimeona mwenzetu akiitegemea peke yake bila bandi, na mshono ukahama pembeni, upana ukawa sm 1 huku na sm 2 kule. Futi hiyo inasawazisha urefu. Kuhama pembeni kunazuiwa na uzi. Wengine huweka katikati ya tabaka ile karatasi nyepesi inayokuja ndani ya boksi la viatu, kisha wanaichana. Inasaidia kweli, malaika hayashikani. Ila kwenye rangi nyeusi vipande vyake vinabaki kwenye mshono, utavitoa kimoja kimoja.

Kutoa bandi, msivute uzi mrefu. Kata kila sm chache, vuta vipande vifupi. Pasi isiguse uso kamwe. Tandika taulo nene au kipande kingine cha mahameli, uso kwa uso, piga mvuke kutoka mgongoni, fungua mshono kwa ncha ya kidole.

Ndugu zetu wa makochi pale Kibuye, mahameli yenu ni nene na ina mgongo mgumu, sindano yenu ni namba 16, lakini kitambaa hakikosi kutembea vile vile. Kodroi, flisi, zote ni ukoo mmoja, ingawa hatari yake ni ndogo. Mahameli ya kuvutika ni jambo jingine, hiyo imefumwa kama fulana, inataka sindano ya ncha ya mviringo na zigizaga nyembamba.

Sasa pesa, mama wa dirishani. Gauni lenye mishono mirefu sita ni saa 1 ya bandi. Saa hiyo tumekuwa tukiificha ndani ya bei ya gauni la pamba, halafu tunaikimbia kwa sababu hailipwi, kisha tunafumua bure usiku. Mimi nikipokea mahameli naandika kazi ya mkono kwenye mstari wake peke yake katika risiti. Mteja akiuliza, namwekea vipande viwili uso kwa uso na kumwambia asukume, kama nilivyowafanyia nyinyi. Tangu nianze kumwonyesha, wanaoondoka ni wachache sana. Wanaobaki wanalipa bila kunung'unika, kwa sababu wameona kwa macho yao kitambaa kikitembea.

Kuhusu zipu, nimeulizwa kabla hatujaanza: ishikizeni kwa mkono, mishono midogo ya kurudi nyuma, na cherehani isiguse upande wa nje. Nitamwonyesha anayetaka. Vipande ni vingi, nyuzi ziko mezani, na Singer ile ya kona nimeshailegeza skrubu. Anayetaka kuanza na aje akae.