Kura Kanada: unapewa leo, kesho unanyang'anywa

Haya wapendwa, asanteni kwa kuja, najua wengi wetu tukisikia Kanada tunawaza viza na baridi basi. Mimi leo nashika kitu kimoja tu, kura, manake hapo ndo unaona haki kule zilikuwa zinaenda mbele zinarudi nyuma.

Mwaka 1885 waziri mkuu John A. Macdonald anapitisha sheria, wanaume wa wenyeji wa asili wa upande wa mashariki, wale wenye mali, wanaruhusiwa kupiga kura. Sawa. 1898 serikali ya Wilfrid Laurier inaifuta, kura imeondoka. Na huyo ndo alikuwa mliberali eti, mtu wa kuhubiri uhuru!

Ila ya 1917 ndo kiboko. Vita ya Kwanza imepamba moto, waziri mkuu Robert Borden anataka vijana wapelekwe jeshini kwa lazima na uchaguzi uko mlangoni, akaona atashindwa. Kafanyaje? Kawapa kura wanawake wenye ndugu vitani, yaani mke, mama, dada, binti wa askari, alafu sheria hiyohiyo ikawavua kura raia waliozaliwa nchi za adui wakapata uraia baada ya Machi 1902. Mtu kajichagulia wapiga kura wake jamani, na akashinda kweli.

1918 wanawake wengi wakapata kura ya taifa. Nasema wengi, manake British Columbia, mkoa wa pwani ya magharibi, ilikuwa inawazuia Wachina, Wajapani na Wahindi, hata aliyezaliwa palepale, na sheria ya 1920 ikasema ukizuiwa mkoani kwa sababu ya asili yako basi na ya taifa huna. Wachina na Wahindi wa mkoa ule wakaruhusiwa kupiga kura 1947, Wajapani mpaka 1949, na hao wakati wa Vita ya Pili walihamishwa kwa nguvu kutoka pwani, watu kama 22,000 hivi, mashamba na boti za uvuvi zikauzwa wenyewe wakiwa kambini. Fidia ilikuja 1988.

Wenyeji wa asili sasa, wenye nchi yao. Ukitaka kura, mara nyingi ilibidi kwanza ukubali kufutwa kwenye orodha ya kabila lako, na haki za mikataba ya kabila lako na serikali unaziacha hapo. Sharti hilo likaondoka 1960 chini ya waziri mkuu John Diefenbaker, lakini kwa uchaguzi wa taifa tu, mkoa wa Quebec kwenye kura yake ya mkoa uliwakazia mpaka 1969. Haya, mwenye swali anyooshe mkono.